Cheti kinapomwangusha mkaguzi: Somo la OpenSSL kwa mwenye duka na mwenye hisa

Oktoba 25, 2022 Mradi wa OpenSSL ulitoa tangazo fupi lililowakosesha usingizi mafundi wa kompyuta sehemu nyingi duniani. Tangazo lilisema kuwa Jumanne iliyofuata, Novemba 1, kati ya saa 10 alasiri na saa 2 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, lingetolewa toleo namba 3.0.7 la programu hiyo, na kwamba toleo hilo lingeziba udhaifu wa daraja la juu kabisa, yaani "hatari kuu". Udhaifu wenyewe ni upi, uko sehemu gani na unaleta madhara gani, hayo hayakuelezwa.

Sababu ya kunyamaza inaeleweka. Anayetangaza kuwa kufuli la ghala ni bovu, na kueleza linavyofunguka, kabla ya kufuli jipya kufika sokoni, huwa amewaita wezi. Hata hivyo, kwa wenye biashara ile ilikuwa wiki ndefu ya kujiandaa kwa kitu ambacho hakuna aliyewaambia ni nini.

OpenSSL ni programu huria, isiyouzwa, ambayo kazi yake ni kufunga mazungumzo kati ya kompyuta na kompyuta ili asiyehusika asiyasome wala kuyabadilisha. Imo ndani ya seva za makampuni, maduka ya kwenye intaneti na mifumo ya malipo katika nchi nyingi. Mwenye duka anayepokea malipo kwa simu na mwekezaji anayeangalia akaunti yake ya hisa kwenye intaneti huenda hawaijui kwa jina, lakini shughuli zao hutegemea programu hii au nyingine za jamii yake.

Siku ilipofika ilifahamika kuwa kasoro zilikuwa mbili, zote mahali pamoja: katika ukaguzi wa vyeti. Aidha, daraja la hatari lilikuwa limeshushwa kutoka "hatari kuu" hadi "hatari kubwa". Wengi walishusha pumzi na kuendelea na shughuli zao. Lakini kwa mfanyabiashara na mwekezaji mdogo, mkasa huo una somo ambalo halijachakaa: asiyefanya hesabu ya mali ya programu zake hawezi kujua kama hasara iliyotangazwa ni yake au ni ya jirani.

CHETI NI KITU GANI

Msomaji aliyewahi kushika cheti cha hisa cha karatasi hatapata shida kuelewa. Cheti kile kilikuwa na jina la mwenye hisa, idadi ya hisa, namba, na muhuri wa kampuni. Aliyekinunua hakumtazama muuzaji usoni ili ajue kama ni mkweli. Alitazama muhuri, na kwa kuwa aliuamini muhuri, alikiamini cheti.

Soko la Nairobi lilianza mwaka 2004 kuhamishia hisa katika daftari kuu la kielektroniki, na karatasi zikaanza kuondoka mikononi mwa wawekezaji. Mantiki ya cheti haikuondoka. Seva inapoongea na kompyuta nyingine, huonyesha cheti cha kielektroniki chenye jina lake, ufunguo wake wa hadharani na tarehe ya mwisho ya matumizi, na chini yake pana saini ya mtoa vyeti anayeaminika. Kompyuta inayopokea hukagua saini hiyo, hukagua tarehe, hukagua jina, na ikiridhika ndipo mazungumzo huanza.

Kwa kawaida ni seva tu inayoonyesha cheti, na mteja huingia kwa jina na neno la siri. Lakini katika biashara baina ya taasisi na taasisi, pande zote mbili zinaweza kutakiwa kuonyesha vyeti. Hapo seva nayo hugeuka kuwa mkaguzi wa vyeti vya wanaokuja kwake. Jambo hili msomaji alishike, kwani ndilo linaloamua nani alikuwa hatarini Novemba 2022 na nani hakuwa.

Mara nyingi biashara huogopa cheti bandia kitakachompumbaza mkaguzi. Kasoro ya Novemba ilikuwa ya aina nyingine. Cheti hakikuhitaji kumpumbaza mkaguzi. Kilitengenezwa ili kimwangushe wakati akikisoma.

GUNIA LA 513

Majina ya kwenye mtandao yalibuniwa kwa herufi za Kilatini, kuanzia a hadi z, pamoja na tarakimu na kistari. Kiswahili hakikupata taabu yoyote, maana herufi zake zote zimo. Waarabu, Wachina, Warusi na hata Wajerumani wenye herufi zao za nukta juu walibaki nje. Mwaka 2003 ilitolewa kanuni iitwayo punikodi, inayokunja herufi hizo za kigeni na kuziandika kwa herufi za kawaida, ili jina la Kichina lipite katika mitambo ileile iliyozoea herufi za Kilatini.

Cheti kinaweza kubeba anwani ya barua pepe, na anwani hiyo inaweza kuwa imeandikwa kwa punikodi. Vilevile mtoa vyeti anaweza kuwekewa mipaka ya majina: kwamba yeye ana ruhusa ya kutoa vyeti vya majina ya kundi fulani tu, kama wakala aliyepewa kuuza katika mkoa mmoja na si mwingine. Ili kujua kama mpaka umevukwa, mkaguzi hulazimika kuikunjua ile punikodi na kulinganisha majina. Kazi hiyo ya kukunjua iliingizwa katika OpenSSL toleo 3.0.0, lililotoka Septemba 2021. Ndani yake ndimo kasoro ilimolala kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Programu ilikuwa imetenga eneo la muda lenye nafasi 512 za kuweka herufi zilizokunjuliwa. Mfano wake ni lori lenye uwezo wa magunia 512, na karani amesimama nyuma akihesabu. Karani aliagizwa asimamishe upakiaji pale idadi itakapokuwa imezidi 512. Magunia yakifika 512 kamili, karani anajiuliza, "Je, yamezidi?" Jibu ni hapana, hayajazidi, yamelingana. Basi anaruhusu gunia moja zaidi, na gunia la 513 linaanguka nje ya lori.

Katika kompyuta gunia hilo moja lina ukubwa wa baiti 4. Likianguka nje ya eneo lake huangukia juu ya kumbukumbu ya kazi nyingine, na aliyetengeneza cheti ndiye aliyechagua kilichomo ndani ya gunia hilo. Kumbukumbu ikishaharibiwa, programu inaweza kuzimika palepale. Kuna hofu kubwa zaidi, kwamba mtu stadi anaweza kutumia baiti hizo kuiamuru seva ifanye anayotaka yeye.

Kasoro hiyo ya kwanza, iliyosajiliwa kwa namba CVE-2022-3602, iliripotiwa Oktoba 17, 2022 na mtafiti anayetumia jina la Polar Bear. Siku iliyofuata Viktor Dukhovni, wakati akichunguza eneo hilohilo, aligundua ya pili, CVE-2022-3786. Katika hii ya pili magunia yaliyoweza kumwagika yalikuwa mengi kadiri mshambuliaji alivyotaka, lakini yote yalibeba kitu kimoja tu, alama ya nukta. Kwa hiyo iliweza kuiangusha seva, lakini si kuiamuru.

Dawa ya ile ya kwanza ilikuwa ndogo ajabu. Mahali palipoandikwa "ikizidi" paliandikwa "ikifikia au kuzidi". Kwa alama za hesabu ni tofauti ya alama moja. Karani akaagizwa kusimamisha upakiaji magunia yanapofika 512, na lori likawa salama.

KWA NINI DARAJA LILISHUSHWA

Wapo waliosema baadaye kuwa tangazo la Oktoba 25 lilikuwa kelele za bure. Hoja hiyo haina uzito. Mradi wa OpenSSL ulieleza sababu zake, na mfanyabiashara anayezoea kupima hatari kabla ya kukopesha mali atazielewa mara moja.

Kwanza, ukaguzi wa mipaka ya majina hufanyika baada ya saini za vyeti kukaguliwa. Maana yake ni kwamba cheti chenye hila kilitakiwa kiwe kimesainiwa na mtoa vyeti anayeaminika, au programu inayokagua iwe imepangwa kuendelea na ukaguzi hata baada ya kushindwa kumpata mtoa vyeti anayeaminika. Yote mawili yanawezekana, lakini si mambo ya kila siku.

Pili, seva ilikuwa hatarini kwa njia hii endapo tu inawadai wateja wake vyeti. Seva ya duka la kawaida, ambayo mteja huingia kwa neno la siri, haikuwa na mlango huo. Hata hivyo, seva hiyohiyo inapotoka kwenda kuongea na seva nyingine, kwa mfano kuuliza kama malipo yamepokelewa, yenyewe hugeuka kuwa mteja na kukagua cheti cha mwenzake. Ikiongozwa kwa seva ya mtu mwovu, ingeweza kuanguka huko.

Tatu, katika baadhi ya mitambo zile baiti 4 ziliangukia mahali ambapo palikuwa bado hapajatumika, na hakuna lililoharibika. Vilevile mitambo mingi ya kisasa ina kinga inayogundua kumbukumbu ikivurugwa na kuizima programu kabla haijatii amri ya mgeni. Mwizi hapati fedha, ila duka linafungwa.

Hilo la mwisho ndilo linalomhusu mfanyabiashara. Kwa fundi wa usalama, seva kuzimika badala ya kutekwa ni nafuu kubwa. Kwa mwenye duka ambaye foleni ya wateja imesimama mbele yake, ni hasara ya siku hiyohiyo.

HESABU YA SAA MOJA

Chukua mfano wa duka la jumla linalouza bidhaa za shilingi 6,000,000 kwa siku ya saa 10. Hiyo ni shilingi 600,000 kwa saa. Kama asilimia 40 ya wateja hulipa kwa njia ya mtandao, basi shilingi 240,000 za kila saa hutegemea seva. Kwa faida ghafi ya asilimia 10, kila saa ambayo seva imelala inagharimu shilingi 24,000 za faida iwapo wateja hao watakwenda kwa jirani wasirudi.

Seva ikilala saa 5, mauzo yaliyokwama ni shilingi 1,200,000 na faida iliyopotea ni shilingi 120,000. Nusu ya wateja wakirudi kesho, hasara ya faida inashuka hadi shilingi 60,000. Lakini kodi ya pango haikusimama, mishahara haikusimama, na kama bidhaa ni nyanya au samaki, kesho nayo ina bei yake.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana katika hesabu hiyo. Seva ikizimika katikati ya malipo, mteja anaonyesha simu yake kuwa fedha zimetoka, na muuzaji anaonyesha mtambo wake kuwa hazijaingia. Nani amwamini nani? Mteja akiondoka bila mzigo amekasirika. Akiondoka nao, muuzaji halali. Ugomvi wa kaunta wa aina hiyo hula sifa ya duka, na sifa ya duka hainunuliwi kwa jumla.

Kwa upande wa pili wa mizania, gharama ya kuziba kasoro kwa duka hilo ni ndogo: fundi mmoja, jioni moja baada ya kufunga hesabu, na dakika chache za kuwasha seva upya. Mwenye kufanya hesabu hii mara moja hatasita tena kumlipa fundi wake.

KIPYA NA KIKUUKUU

Kasoro za Novemba ziligusa matoleo 3.0.0 hadi 3.0.6 peke yake. Waliokuwa bado wanatumia toleo la zamani, 1.1.1, hawakuguswa. Vivyo hivyo, mfumo wa Ubuntu 22.04 na ule wa Red Hat Enterprise Linux 9, ambayo yote ilitoka mwaka 2022, ilikuwa na OpenSSL ya 3.0 na ikahitaji kiraka, Ubuntu 20.04 iliyokuwa na 1.1.1 haikuhitaji. Mradi wa Fedora uliahirisha toleo lake la 37 hadi Novemba 15 kusubiri dawa hiyo.

Je, somo ni kwamba kikuukuu ni salama kuliko kipya? La hasha. Miezi minane kabla, Machi 15, 2022, kasoro nyingine ya ukaguzi wa vyeti, CVE-2022-0778, ilikuwa imeyapiga matoleo ya zamani na mapya kwa pamoja: 1.0.2, 1.1.1 na 3.0. Hiyo iligunduliwa na Tavis Ormandy wa Google. Ndani ya OpenSSL kulikuwa na kanuni ya kutafuta kipeuo cha pili cha namba, ambayo hufanya kazi pale tu inapopewa namba tasa. Cheti kilichoandikwa kwa hila kiliweza kuipa namba isiyo tasa, na kanuni ikawa inazunguka bila kikomo, kama karani aliyeambiwa atafute hesabu isiyokuwepo na asirudi mpaka aipate.

Hatari ya Machi ilikuwa na sura mbaya kuliko ya Novemba kwa jambo moja. Mzunguko ulitokea wakati cheti kinasomwa, kabla saini haijakaguliwa. Kwa hiyo hakikuhitajika cheti kilichosainiwa na mtu yeyote anayeaminika. Cheti cha kujitengenezea kilitosha. Seva iliyokuwa inadai vyeti kwa wateja haikuzimika bali ilishikwa, ikala nguvu zote za kompyuta bila kutoa huduma. Kwa mteja aliye kwenye foleni, seva iliyokufa na seva iliyoshikwa ni kitu kimoja.

Kisha likaja la tatu. Septemba 11, 2023 msaada wa bure wa toleo 1.1.1 ulifikia mwisho, na viraka vya bure vya wote kutoka kwa mradi vikakoma. Aliyejisifu Novemba 2022 kuwa ukuukuu umemwokoa, kama hakuhama wala kununua msaada wa ziada, alibaki na kufuli ambalo fundi wake ameshafunga karakana. Toleo 3.0 lenyewe lilipangiwa msaada hadi Septemba 2026. Kila toleo lina tarehe yake ya mwisho, kama dawa katika duka la dawa, na mwenye duka anatakiwa kuijua.

KIRAKA NACHO KINA HATARI YAKE

Baadhi ya wafanyabiashara husema kuwa mfumo unaofanya kazi usiguswe, kwani kila fundi akigusa kitu kinaharibika. Hoja hii si ya kupuuzwa, maana ina ushahidi.

Septemba 22, 2016 Mradi wa OpenSSL ulitoa toleo 1.1.0a kuziba kasoro kadhaa. Kiraka kimojawapo kilizaa kasoro mpya iliyo mbaya zaidi, CVE-2016-6309, iliyopewa daraja la "hatari kuu", na Septemba 26, siku nne baadaye, ikabidi toleo 1.1.0b litoke haraka. Mwaka 2022 napo, toleo 3.0.6 lilitoka Oktoba 11 na likaondolewa mara baada ya kutoka kwa sababu lilileta hitilafu.

Kwa hiyo tatizo ni la kupima hatari mbili. Kungoja bila kikomo ni hatari, na kukimbilia bila majaribio ni hatari. Wafanyabiashara wa nafaka wanajua dawa ya jambo hili: hakuna anayenunua tani 20 za mpunga kabla ya kukoboa kilo moja. Kiraka hujaribiwa kwanza katika mashine ya pembeni yenye nakala ya mfumo, malipo machache ya majaribio yanapitishwa, kisha ndipo seva ya kazi inaguswa, na nakala ya zamani inabaki tayari kurudishwa. Kwa biashara ndogo kazi hiyo ni ya saa chache. Kwa kampuni kubwa ni ya siku chache. Haipaswi kuwa ya miezi.

DAFTARI LA MALI

Ugumu mkubwa wa Novemba 2022 haukuwa kuweka kiraka. Ulikuwa kujua kiwekwe wapi. Aliyekuwa na orodha ya seva zake na matoleo yaliyomo alijua kabla ya tangazo kama anahusika. Asiyekuwa nayo alianza kupekua mashine moja baada ya nyingine, sawa na mwenye ghala asiyejua ana magunia mangapi siku ambayo bei inapanda.

Kupekua huko kuna mitego mitatu ambayo mwenye biashara anafaa kuijua ili asidanganyike, hata kama si fundi.

Mtego wa kwanza ni namba. Fundi akiandika amri "openssl version" atapata namba ya toleo. Lakini baadhi ya wasambazaji huweka kiraka bila kubadilisha namba kuu. Ubuntu 22.04 ilibaki na namba 3.0.2 baada ya kuzibwa. Kilichobadilika ni namba ya kifurushi inayofuata nyuma yake. Kwa hiyo namba kuu pekee haitoshi kusema seva ni nzima au mgonjwa.

Mtego wa pili ni programu zinazobeba OpenSSL yao wenyewe tumboni. Node.js toleo la 18, lililotumika kuendesha huduma nyingi za intaneti, lilikuwa na OpenSSL ya 3.0 ndani yake. Kuziba ile ya mfumo mkuu hakuzibi iliyofungashwa humo.

Mtego wa tatu ndio unaowanasa wengi zaidi. Kiraka huandikwa kwenye diski, lakini programu iliyokuwa ikifanya kazi huendelea kutumia nakala ya zamani iliyo katika kumbukumbu mpaka iwashwe upya. Fundi anaweza kuonyesha karatasi kuwa kiraka kimewekwa, na karatasi ikawa ya kweli, huku seva ikiendelea kuwa wazi wiki nzima. Ni sawa na kununua kufuli jipya na kulitundika msumarini ndani ya ghala.

MASWALI YA KUMUULIZA FUNDI

Mwenye biashara hahitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta ili asimamie jambo hili, kama asivyohitaji kuwa mhasibu ili aulize salio. Maswali matano yanatosha, na majibu yake yaandikwe na kuwekwa tarehe.

La kwanza: Tuna seva ngapi, za kwetu na za kukodi, na kila moja ina toleo gani la programu ya kufunga mazungumzo? Jibu la "zote ni za kisasa" si jibu.

La pili: Seva ipi kati ya hizo inadai vyeti kwa wateja, na ipi inatoka kwenda kukagua vyeti vya wengine? Hizo ndizo za kuzibwa mwanzo kila kasoro ya vyeti inapotangazwa.

La tatu: Msaada wa toleo tulilonalo unakoma lini, na mpango wa kuhama una gharama gani? Gharama hiyo iingie katika bajeti ya mwaka, isije kama ajali.

La nne: Baada ya kiraka cha mwisho, huduma ziliwashwa upya saa ngapi? Fundi makini atakuwa na saa na tarehe.

La tano: Seva ikizimika saa 3 usiku wa siku ya mishahara, nani anapigiwa simu, na duka linauzaje wakati akija? Daftari la stakabadhi za mkono lisitupwe. Ni bima ya bei nafuu kuliko zote.

KWA MWENYE HISA

Mwekezaji mdogo mwenye hisa za benki, kampuni ya simu au kampuni yoyote inayopitisha fedha katika seva anapaswa kutofautisha mambo mawili. Taarifa ya udhaifu si taarifa ya hasara. Novemba 2022 daraja la kutisha lililotangazwa Oktoba 25 lilishuka siku ambayo maelezo kamili yalitoka. Aliyefanya uamuzi kwa kusikia neno "hatari kuu" pekee aliamua kabla ya kuona hesabu.

Kinachostahili kutazamwa ni namna kampuni inavyojibu. Katika mkutano mkuu wa mwaka mwenye hisa, hata mwenye hisa mia moja, ana haki ya kuuliza: mifumo ililala kwa saa ngapi mwaka uliopita, kwa sababu gani, na kiasi gani kimetengwa kwa matunzo ya programu. Matunzo hayo huonekana upande wa matumizi na hayaleti mapato yanayoonekana, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa pale menejimenti inapotaka kupendezesha faida. Faida ya namna hiyo ni kama ya mwenye lori anayeacha kubadilisha breki.

NANI ANAMLIPA KARANI

Mwisho, kuna swali la mtaji. OpenSSL haina bei, na kwa miaka mingi wengi waliifaidi bila kuichangia. Aprili 7, 2014 ilipotangazwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed, iliyoruhusu mtu kuchota vipande vya kumbukumbu ya seva bila kuacha alama, ndipo ilipofahamika kuwa taasisi iliyokuwa ikiusimamia mradi huo ilipata michango ya takriban dola 2,000 tu za Marekani kwa mwaka. Mwezi huohuo Linux Foundation ilianzisha mfuko wa kusaidia programu za aina hiyo, na makampuni makubwa kama Google, Microsoft na Facebook yakachangia.

Fedha hizo hazikuondoa kasoro zote, kama mwaka 2022 ulivyoonyesha mara mbili. Lakini safari hii kasoro iliripotiwa Oktoba 17, ya pili ikapatikana Oktoba 18, wasambazaji wakajiandaa, na Novemba 1 dawa ikawa mezani, yote ndani ya siku 15. Hiyo ndiyo tofauti kati ya karani anayelipwa na karani wa kujitolea.

Kwa mfanyabiashara mdogo sehemu yake ni nyepesi zaidi. Kiraka anapewa bure. Kinachobaki ni kujua kiwekwe wapi, kuhakikisha kimewekwa, na kuandika tarehe. Hesabu ya mali hufanywa kila mwisho wa mwaka katika ghala. Iongezwe safu moja ya programu, majina na matoleo yake, na ipitiwe walau kila baada ya miezi mitatu.